Kujaza, Kutosheza na Kusitiri: Istilahi za Picha Ndani ya Fremu

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa programu ya kupangia kurasa hukutana mapema na neno la Kiingereza fit, na aghalabu hulipita bila wasiwasi. Huandika "linganisha", au "rekebisha", au "weka sawa", kisha huendelea na kazi. Kasoro haionekani katika tafsiri yenyewe, kwa kuwa sentensi ni ya Kiswahili safi. Huonekana siku kazi inaporudi kutoka kiwanda cha kupigia chapa: sura ya mtu imekuwa nyembamba mithili ya mwiko, au ramani imepoteza mji, au maelezo yaliyo chini ya picha yanataja watu watano na waonekanao ni watatu. Ndipo huulizwa ni nani aliyeharibu. Sisi twaona kwamba mara nyingi kosa si la mpangaji wa kurasa, bali ni la istilahi aliyopewa.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yanayohitajiwa ili kueleza jinsi picha inavyowekwa, inavyokuzwa na inavyopunguzwa ndani ya fremu yenye umbo maalumu. Tutaanza na kazi yenyewe, kisha tuyafikie maneno, maana katika jambo hili haiwezekani kuchagua neno kabla ya kufahamu mashine inafanya nini.

Kazi hii ilikuwapo kabla ya kompyuta. Mhariri wa gazeti alipopokea picha ya karatasi hakuikata kwa mkasi. Alichukua vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la herufi L, akavilaza juu ya picha hata vikafanya dirisha, akavisogeza huku na huku mpaka akaipata sehemu aliyoitaka, kisha akatia alama pembezoni kwa penseli ya nta. Kisahani cha hesabu chenye duara mbili zinazozungukana kilimpa asilimia ya kukuza au kupunguza. Alama ziliweza kufutwa, na picha ikarudi kabatini ikiwa nzima. Ilipotokea programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus mwaka 1985, na QuarkXPress mwaka 1987, na baadaye InDesign ya Adobe mwaka 1999, desturi hiyo ilihamia ndani ya kompyuta. Ile alama ya vipande viwili vya L vilivyopishana ingali ikionekana katika programu nyingi na hata katika simu za mkononi, ijapokuwa wengi waibonyezao hawajapata kuviona vipande vyenyewe.

Fremu na kilichomo

Programu za kupangia kurasa zitumikazo leo zimejengwa juu ya wazo moja: picha haiwekwi moja kwa moja juu ya ukurasa, bali ukurasa huwekewa fremu, na picha huwekwa ndani ya fremu hiyo. Ni vitu viwili, kila kimoja kina ukubwa wake na mahali pake. Fremu yaweza kusogezwa na picha ikabaki palepale. Picha yaweza kukuzwa na fremu isibadilike. Wanaojifunza kazi hii husumbuliwa na jambo hili kuliko lolote lingine, kwani jicho laona kitu kimoja tu. Katika InDesign, tangu toleo la CS5 la mwaka 2010, pete ndogo hutokea katikati ya picha mshale unapopita juu yake. Mtu akiishika pete ameishika picha. Akishika mahali pengine ameishika fremu. Mwalimu atafanya vema akilifundisha hili siku ya kwanza, kabla ya amri yoyote.

Neno "fremu" tunalikubali. Limekwisha kuzoeleka kwa fremu ya picha ya ukutani na fremu ya mlango. Katika miji ya Tanzania fremu ni pia chumba cha duka kinachopangishwa, lakini hatudhani kwamba yuko atakayedai kodi ya pango katika ukurasa wa kitabu. Wako watakaopendelea "kiunzi", neno zuri lenye asili yake. Ila kiunzi ni mifupa ibebayo kitu kwa ndani, ilhali fremu tuizungumziayo hukizunguka kitu kwa nje. "Sanduku" lingefuata desturi ya QuarkXPress, ambayo kwa miaka mingi iliziita fremu zake kwa jina hilo. Ubaya wake ni kwamba sanduku hudokeza pembe nne, na fremu ya duara ingelazimika kuitwa sanduku la mviringo, jambo ambalo halimsaidii mwanafunzi.

Kuhusu kitu kilicho ndani ya fremu, wafasiri wengi huandika "yaliyomo". Neno hilo lina mwenyewe tayari: ni kichwa cha orodha ya sura mwanzoni mwa kitabu, na katika programu hizihizi imo amri ya kutengeneza orodha hiyo. Tukiliacha likatumika kotekote, msomaji wa mwongozo ataambiwa "punguza yaliyomo" naye aanze kufuta majina ya sura. Twapendekeza umoja, yaani "kilichomo". Kilichomo chaweza kuwa picha, mchoro au hata fremu nyingine. Na pale ambapo ni picha tu inayohusika, hapana haja ya kuwa na haya: tuseme "picha".

Umbo na mstatili wa nje

Fremu yaweza kuwa mstatili, duara, duaradufu, pembetatu, nyota, au umbo lililochorwa kwa mkono. Hata herufi yaweza kugeuzwa fremu, na picha ikaonekana ndani ya mwili wa herufi hiyo. Ni katika fremu za namna hii ambapo maelezo ya miongozo mingi hupungua.

Amri za kupatanisha ukubwa wa picha na ukubwa wa fremu hazilitazami umbo. Hutazama mstatili mdogo kabisa uwezao kulizunguka umbo lote, ambao katika makala haya tutauita "mstatili wa nje". Fremu ya duara yenye kipenyo cha milimita 60 ina mstatili wa nje ulio mraba wa milimita 60 kwa 60. Picha hupimwa kwa mraba huo; duara huja baadaye na kuzificha pembe. Mpangaji asiyelijua hili hudhani programu imekosea, na mfasiri asiyelijua huandika kwamba "picha italingana na umbo la fremu", maneno ambayo si ya kweli.

Tuchukue mfano wa hesabu, nao ndio utakaotuongoza katika kuchagua vitenzi. Tuna picha iliyolala yenye uwiano wa 3 kwa 2, kama zilivyo picha za filamu ya milimita 35, ambazo kila moja ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Tunataka kuiweka ndani ya duara letu la milimita 60.

Amri ya kwanza huikuza au kuipunguza picha mpaka hapana sehemu tupu iliyobaki. Picha yetu itakuwa milimita 90 kwa 60. Milimita 15 zitatoka nje ya mraba upande wa kushoto na 15 upande wa kulia, kisha duara litazila pembe za mraba. Eneo la picha ni milimita za mraba 5,400, na eneo la duara ni 2,827 hivi. Kwa hiyo kinachoonekana ni asilimia 52 ya picha. Karibu nusu yake imepotea machoni. Kama ilikuwa picha ya kikundi, wa mwisho kushoto na wa mwisho kulia hawamo tena, ingawa majina yao yangali chini.

Amri ya pili huipunguza picha mpaka iingie yote ndani ya mstatili wa nje. Picha itakuwa milimita 60 kwa 40, na patakuwa na nafasi tupu juu na chini. Hapa mtu hutulia akidhani kwamba sasa kila kitu kinaonekana. Hasha! Pembe ya picha hiyo iko umbali wa milimita 36 kutoka kitovu, na nusu kipenyo cha duara ni milimita 30. Pembe zote nne zimefichwa, ijapokuwa vitabu vya maelezo husema kwamba amri hii huonyesha picha nzima. Husema kweli kwa fremu ya mstatili tu.

Amri ya tatu haiujali uwiano. Huibana picha iwe milimita 60 kwa 60, yaani upana huwa theluthi mbili ya ule ulioupasa. Uso wa mtu huwa mrefu na mwembamba, gurudumu la baiskeli huwa yai.

Amri ya nne haiigusi picha. Huigeuza fremu ifuate ukubwa wa picha. Kama picha ilikuwa milimita 90 kwa 60, duara letu litatanuka liwe duaradufu. Katika fremu ya mstatili hakuna aonaye tabu. Katika fremu ya duara, umbo lililochaguliwa kwa makusudi limekwisha kubadilika.

Jambo ambalo mpangaji alilitaka hasa, yaani picha nzima ionekane ndani ya duara pamoja na pembe zake, halina amri. Yapasa ulalo wa picha uwe sawa na kipenyo cha duara. Kwa picha yetu hesabu hutoa milimita 50 kwa 33 hivi. Njia nyepesi ni kutumia amri ya pili kwanza, kisha kuipunguza picha hadi asilimia 83 ya ukubwa ilioupata, na kuiweka katikati. Asilimia hiyo ni ya picha za uwiano wa 3 kwa 2 ndani ya duara. Picha ya mraba huhitaji kupunguzwa hadi asilimia 70 hivi.

Vitenzi

Sasa ni dhahiri kwa nini neno moja halitoshi. Kiingereza hukitumia kitenzi kimoja na kukiongezea vielezi, na msomaji wake huelewa kwa mazoea. Kiswahili hakina sababu ya kuuiga umaskini huo, maana kina msamiati tajiri wa kitu kukaa ndani ya kingine, nao hupatikana kwa fundi cherehani. Nguo humwenea mtu, humkaa, humtosha, humpwaya au humbana. Mwili ni picha, na nguo ni fremu. Tukisema "picha inapwaya ndani ya fremu", kila mtu ameelewa kwamba pana nafasi tupu. Tukisema "fremu inaibana picha", ameelewa kwamba sehemu zake hazionekani. Maneno haya mawili hayahitaji kuundwa wala kufafanuliwa. Twashangaa kwamba hatujayaona katika miongozo.

Kwa amri ya kwanza twapendekeza "kujaza": jaza fremu kwa uwiano. Fremu hujaa, na neno lenyewe humwonya mtumiaji kwamba kilichozidi kitamwagika nje.

Kwa amri ya pili tulifikiria "kueneza", kutokana na "kuenea" ya nguo, lakini kueneza kumekwisha kuchukua maana ya kusambaza, kama vile kueneza habari. "Kutosheleza" nako kumekwenda upande wa kuridhisha. "Kuingiza" ni neno la amri nyingine, ile ya kuileta picha kutoka nje. Umebaki umbo la "kutosheza", yaani kufanya kitu kitoshe, na hilo ndilo tulipendekezalo: tosheza picha kwa uwiano. Halijazoeleka sana masikioni, nalo ni jambo jema katika istilahi. Neno lisilo na kazi nyingi hukubali kazi mpya kwa urahisi.

Kwa amri ya tatu twapendekeza "kulazimisha". Tunajua watakaosema kwamba jina la amri halipaswi kuilaumu amri yenyewe. Sisi twaona kinyume. Katika programu nyingi amri hii hukaa jirani na nyingine kana kwamba ni ndugu zake, na anayejifunza huibonyeza kwa sababu matokeo yake hujaza fremu bila kuacha nafasi wala kuficha kitu. Akikuta imeandikwa "lazimisha picha ndani ya fremu", atasita kidogo, kama asitavyo mtu aambiwapo kwamba kiatu kitaingia kwa kulazimisha. Yako matumizi halali ya amri hii, mathalani kwa rangi ya mandharinyuma isiyo na sura ndani yake, na mtu mwenye haja hiyo hatatishwa na neno.

Amri ya nne ndiyo iliyotufanya tulikatae kabisa neno "linganisha". Katika Kiswahili, kulinganisha picha na fremu na kulinganisha fremu na picha ni mamoja. Mpangilio wa majina hauonyeshi ni kipi kitakachobadilika. Zaidi ya hayo, kulinganisha ni pia kuvitazama vitu viwili ili kuona tofauti zao. Mwongozo wenye amri mbili, "linganisha picha na fremu" na "linganisha fremu na picha", unamwachia msomaji kubahatisha. Twapendekeza "ifuate". "Fremu ifuate picha" ni sentensi nzima, na ni ndefu kwa menyu, lakini haina njia mbili za kueleweka: afuataye ndiye abadilikaye. Watengenezaji wa programu hupenda amri fupi. Hata hivyo afadhali menyu yenye maneno matatu yaliyo wazi kuliko neno moja linaloharibu kurasa.

Amri ya kuweka katikati haina ugumu, nayo ibaki ilivyo. Tukumbushe tu kwamba haibadilishi ukubwa wa kitu chochote. Huisogeza picha hadi kitovu chake kikutane na kitovu cha mstatili wa nje. Kwa pembetatu au nyota yenye pembe tano, kitovu hicho si lazima kiwe pale jicho lipaonapo katikati.

Ramani ndani ya duara

Walimu na maofisa wanaotayarisha vitabu na ripoti watauona uzito wa maneno haya katika ramani kuliko katika picha za watu. Nchi ya Tanzania Bara iko, kwa kukadiria, kati ya nyuzi 29 na 41 za longitudo ya mashariki, na kati ya nyuzi 1 na 12 za latitudo ya kusini. Ni karibu mraba. Mtu ataona kwamba ramani yake itaingia vema katika duara la jalada. Amri ya kujaza fremu ikitumika juu ya ramani iliyokatwa karibu na mipaka hiyo, Pemba na Mafia, ambazo mtu angezihofia kwa kuwa ni visiwa, zitabaki ndani. Watakaotoka ni walio pembeni: mji wa Mtwara kusini-mashariki, na pembe ya Kagera inayopakana na Uganda na Rwanda kaskazini-magharibi. Duara halili kingo, hula pembe. Ofisa atakayeidhinisha jalada hilo hatakumbuka amri iliyobonyezwa. Atakachokiona ni nchi isiyo na Mtwara.

Kipimio nacho kina hatari yake. Ramani iliyoandikwa 1:1,000,000 ikipunguzwa kwa nusu, maandishi hayo yamekuwa uongo, kwani sasa ni 1:2,000,000. Mstari wa kipimio uliochorwa ndani ya ramani hupungua pamoja nayo, kwa hiyo hubaki wa kweli. Lakini ramani ikilazimishwa, hata mstari huo hauaminiki tena: huwa wa kweli kwa upande uliolazwa na wa uongo kwa upande mwingine. Mwanafunzi anayepima kwa rula umbali wa kutoka Dodoma hadi Mbeya atapata jibu, na jibu litakuwa baya, wala hatajua. Kwa ramani na michoro ya kupimia, mwongozo wa Kiswahili ungefaa ukataze kulazimisha kwa maneno yasiyo na adabu nyingi.

Kukata na kusitiri

Tunafika sasa kwenye neno crop, ambalo kwa Kiingereza lilianza kwa kutaja kichwa cha mmea, kisha likawa kukikata kichwa hicho. Wafasiri wengi wameandika "kata" au "punguza". Wengine wangependa "kupogoa", kwa kufuata mti unaoondolewa matawi, na neno hilo lina uzuri wake. Tatizo ni kwamba tawi lililopogolewa liko chini, halirudi mtini. Picha iliyo ndani ya fremu haikatwi. Sehemu iliyo nje ya mpaka wa fremu ingalipo, nzima, na mtu akiitanua fremu ataiona. Ni kama upindo wa nguo: fundi hakikati kitambaa kilichozidi, hukikunja kwa ndani, na mtoto akirefuka upindo hufunguliwa.

Kwa sababu hiyo twapendekeza vitenzi viwili, na tunawaomba wafasiri wasivichanganye. Pale ambapo fremu huiziba sehemu ya picha bila kuiondoa, neno liwe "kusitiri": fremu imezisitiri pembe za picha. Pale ambapo sehemu imefutwa katika faili lenyewe na haiwezi kurudi, hapo na hapo tu, neno liwe "kukata". "Kuficha" tunakuacha kwa kitu kizima kinachoondolewa machoni, kama vile tabaka zima la ukurasa. Kwa umbo linalosimamishwa mbele ya picha ili liisitiri, neno "barakoa" lafaa sana. Wanawake wa pwani na wa Omani walivaa barakoa miaka mingi kabla ya ugonjwa wa Korona kulifanya neno hilo liwe la kila siku mwaka 2020, na hapana aliyepata kudhani kwamba uso ulio nyuma ya barakoa umekatwa.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mtumishi wa serikali anayeandaa ripoti kwa programu ya Word ya Microsoft huchukua picha ya hati, akazivuta kingo zake mpaka namba ya kitambulisho au jina la mgonjwa lisionekane, kisha akaipeleka ripoti kwa watu mia. Akiwa ameambiwa kwamba "amekata", ana haki ya kuamini kwamba namba haipo. Ipo. Programu hiyo huihifadhi sehemu iliyositiriwa ndani ya faili mpaka mtumiaji aamuru waziwazi kwamba sehemu hizo zifutwe, na yeyote apokeaye faili aweza kuzivuta kingo na kuisoma. Katika InDesign, mtu anapotoa faili la PDF hukuta chaguo la kutobeba sehemu za picha zilizo nje ya fremu. Asipolichagua, zaweza kusafiri pamoja na ukurasa. Katika Acrobat, kupunguza kingo za ukurasa wa PDF hakuondoi kilichomo katika kingo hizo.

Hata pale ambapo mashine yenyewe ilikusudiwa ikate, yapasa mtu aulize. Mwezi wa Machi 2023 ilitangazwa kasoro katika simu za Pixel za kampuni ya Google: ala yake ya kuhariri picha za skrini ilikuwa ikiandika picha ndogo mpya juu ya faili kubwa la zamani bila kulifupisha faili hilo, hata mabaki ya picha ya kwanza yakawa yanaweza kufufuliwa kwa sehemu. Watu waliodhani wamekata walikuwa wamesitiri tu. Mwongozo wetu wa Kiswahili ukiwa na neno moja kwa mambo haya mawili, onyo la namna hii haliwezi hata kuandikwa likaeleweka.

Tungeongeza mambo mawili madogo. Ukingo mnene wa fremu kwa kawaida hulala nusu ndani na nusu nje ya mpaka, kwa hiyo ukingo wa milimita 4 husitiri milimita 2 za picha kuzunguka pande zote. Mwenye picha ndogo ya uso azihesabu. Na picha iliyokuwa na nukta 300 kwa inchi, ikikuzwa hadi asilimia 150 ili ijaze fremu, hubakiwa na nukta 200 kwa inchi, kwa sababu nukta ni zilezile zilizotandazwa mahali papana zaidi. Kujaza kuna gharama ambayo kutosheza, mara nyingi, hakuna.

Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, ndipo kwenda katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Katika uwanja huu, "fremu" peke yake ndiyo iliyotutoa nje, nayo ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kabla yetu. Limebaki jina moja ambalo hatujaliridhia, nalo ni la ile sehemu ya picha iliyositiriwa. Kuiita "sehemu iliyo nje ya fremu" ni kueleza, si kutaja. Tumelipima "upindo", wingi wake "pindo", kwa mfano huohuo wa fundi: pindo za picha hii zina milimita 15 kila upande. Lakini katika baadhi ya sehemu "pindo" ni umoja wenye wingi wake "mapindo", na tena huweza kumaanisha ukingo uonekanao wa leso au kanga, yaani kinyume cha kile tunachotaka kukitaja. Wasomaji walio karibu na mafundi cherehani wa Unguja, Lamu, Mombasa, Tanga na Kigoma watatusaidia wakitueleza mafundi hao wanakiitaje kile kitambaa kilichokunjwa ndani, kisichoonekana, na ambacho hakijakatwa.